Ulezi, kimea na ndizi: kwa nini malighafi ya pombe ya nyumbani inapanda bei, na mfanyabiashara wa mpakani azingatie nini

Mama anayepika mbege Marangu, busaa Bungoma au malwa Mbale hununua ulezi kwa debe au kwa kilo, si kwa tani. Lakini bei anayolipa huamuliwa mbali na jiko lake: shambani Sumbawanga au Soroti, kwenye mizani ya barabara kuu, kwenye dirisha la forodha na kwenye duka la kubadilisha fedha. Bei ya ulezi ikipanda, mpishi ana njia 3 tu. Anaweza kuongeza bei ya kata, kupunguza nafaka kwenye pipa, au kutafuta kitu cha bei rahisi cha kuchanganya. Njia hiyo ya tatu ndiyo inayoleta madhara, kama tutakavyoeleza.

Makala hii inawalenga wafanyabiashara na wasafirishaji wanaopitisha nafaka, sukari na ndizi baina ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo Mashariki. Inaeleza ni bidhaa gani zinazohusika, nini kinapandisha bei zake, nyaraka zinazotakiwa mpakani, na namna ya kupiga hesabu kabla ya kufunga turubai.

MALIGHAFI ZENYEWE NA MAJINA YAKE

Jambo la kwanza ni majina, kwani mzigo umewahi kununuliwa kwa jina moja ukakataliwa sokoni kwa jina jingine.

Ulezi ndiyo nafaka ndogo nyekundu au ya kahawia inayotumika kwa uji na kimea. Kenya wengi huiita wimbi, na Uganda upande wa Buganda huitwa bulo. Usiichanganye na uwele, ambao ni nafaka nyingine yenye suke refu kama mkia. Mtama ni nafaka kubwa zaidi, nyeupe au nyekundu. Mtama mwekundu ndio unaopendwa kwa pombe. Mweupe hutafutwa zaidi na wasagaji wa unga.

Kimea ni nafaka iliyolowekwa, ikaachwa ichipue kwa siku chache, kisha ikaanikwa na kusagwa. Kazi yake ni kugeuza wanga kuwa sukari ili hamira ipate chakula. Bila kimea, uji wa mahindi au mtama hauwi pombe nzuri. Kimea cha ulezi ndicho kinachosifiwa zaidi, na ndiyo maana hata pombe inayopikwa kwa mahindi hubaki ikitegemea bei ya ulezi.

Kwa ufupi, matumizi yako hivi:

- Mbege (Kilimanjaro): ndizi zilizochemshwa na kuachwa zichachuke, kisha unga wa kimea cha ulezi. Gome la msesewe hutiwa kuleta uchungu.
- Busaa (Kenya Magharibi): unga wa mahindi uliochachushwa na kukaangwa, pamoja na kimea cha ulezi.
- Malwa au ajono (Uganda Mashariki): ulezi, hunywewa kwa mirija mirefu huku maji ya moto yakiongezwa chunguni.
- Rubisi (Kagera), tonto (Uganda), urwagwa (Rwanda na Burundi), kasiksi (Kivu): maji ya ndizi mbivu pamoja na mtama.
- Wanzuki: asali au sukari.
- Kangara: mahindi na sukari au sukari guru.

KWA NINI ULEZI NI GHALI KULIKO MAHINDI

Sababu ya kwanza ni jembe. Ulezi mchanga unafanana sana na magugu ya jamii yake, hivyo palizi hufanywa kwa mkono na kwa macho makali. Mavuno nayo ni ya kukata suke moja moja kwa kisu. Vijana wakienda mjini na vibarua wakipanda bei, mkulima huacha ulezi na kupanda mahindi. Ugonjwa wa ukungu unaokausha shingo ya suke huongeza hasara katika miaka yenye unyevu mwingi.

Sababu ya pili ni ushindani wa matumizi. Ulezi umekuwa chakula cha watoto, cha wagonjwa na cha wakazi wa mijini wanaojali afya. Kiwanda cha unga wa lishe Nairobi au Dar es Salaam hununua gunia lilelile analolitaka mpika pombe, na mara nyingi kiwanda ndicho chenye fedha taslimu.

Sababu ya tatu ni umbali. Kenya haivuni ulezi wa kutosha mahitaji yake, hivyo hutegemea Uganda na Tanzania. Kwa upande wa Tanzania, Rukwa ni miongoni mwa mikoa inayojulikana sana kwa ulezi, nayo iko kusini magharibi kabisa mwa nchi. Mzigo wa Sumbawanga unaokwenda Moshi au Namanga hukatiza karibu nchi nzima, hivyo dizeli ikipanda, ulezi unapanda.

Mtama una hadithi tofauti kidogo: hapo kinachovuta bei ni viwanda vya bia. Mwaka 2002 Nile Breweries ya Uganda ilianza kuuza Eagle Lager iliyotengenezwa kwa mtama wa wakulima wa ndani. Mwaka 2004 Kenya ilipata Senator Keg, na mtama ukawa zao la mkataba katika maeneo mengi kame. Mwaka 2013 serikali ya Kenya ilipoweka ushuru wa 50% kwenye bia hiyo, mauzo yaliporomoka na wakulima wakabaki na mtama mikononi. Mwaka 2015 nafuu kubwa ya kodi ilirudishwa na ununuzi ukafufuka. Kwa hiyo anayeuza mtama kwa wapika pombe wa vijijini asome bajeti ya Juni kwa makini, kwani mstari mmoja wa ushuru wa bia unaweza kumwaga mtama sokoni au kuufuta.

NDIZI: UGONJWA ULIOBADILISHA SOKO

Mwaka 2001 ugonjwa wa mnyauko wa migomba unaosababishwa na bakteria uligunduliwa Mukono, Uganda. Ulithibitishwa pia Kongo Mashariki, mwaka 2005 ukafika Rwanda, mwaka 2006 Kagera na Kenya, na mwaka 2010 Burundi. Ndizi iliyoumia zaidi ni kayinja, yaani ile hasa ya pombe. Wadudu hutua kwenye ua la dume la mgomba huo na kubeba ugonjwa kutoka mgomba hadi mgomba. Tunda huiva kabla ya wakati na kuoza ndani, na maji yake hayafai.

Dawa ya kunyunyizia haipo. Wakulima walifundishwa kuvunja ua la dume kwa mti wenye panda mara tu mkungu unapokamilika, kusafisha visu kwa moto au dawa ya kufulia, na kung'oa migomba iliyougua. Msafirishaji naye ana sehemu yake: ugonjwa husafiri na miche, na visu vilivyotumika kwenye migomba mgonjwa. Usikubali kupakia miche ya migomba juu ya ndizi kama "zawadi ya njiani". Ukikamatwa nayo bila cheti cha afya ya mimea, mzigo wote unaweza kuzuiwa.

MVUA, VITA NA FEDHA

Kati ya mwishoni mwa 2020 na mwishoni mwa 2022 misimu 5 mfululizo ya mvua ilikuwa duni kaskazini na mashariki mwa Kenya na nchi jirani za Pembe ya Afrika. Maeneo hayo si ya ulezi, lakini mahindi yalipopungua, wasagaji na wafugaji waligeukia nafaka nyingine, na bei zote zikavutana kwenda juu.

Februari 2022 Urusi iliivamia Ukraine, nchi 2 zinazouza ngano na shayiri nyingi duniani. Mafuta na mbolea navyo vikapanda. Wale wachache wa mijini wanaopika bia ya kizungu nyumbani kwa kimea cha shayiri waliona bei ya kimea cha kutoka Ulaya ikiruka. Shayiri hulimwa kwetu pia, Kenya katika Narok na Timau, Tanzania katika kanda ya kaskazini, Uganda katika Kapchorwa, lakini sehemu kubwa ni ya mikataba na viwanda na haifiki sokoni. Hopsi, ua linaloipa bia uchungu, linahitaji siku ndefu za kiangazi cha nchi za mbali na ikweta, hivyo huagizwa. Soko lake ni jembamba mno: baada ya moto wa ghala huko Yakima, Marekani, Oktoba 2006, na mavuno hafifu ya Ulaya, bei ilipaa mwaka 2007 na 2008, na wapikaji wadogo wasio na mikataba ndio waliokosa bidhaa. Anayeagiza hopsi kwa wateja wachache asiweke mtaji mkubwa humo. Zikikaa kwenye joto hupoteza nguvu.

Kuhusu fedha, mwaka 2024 ulitoa mfano mzuri. Januari, dola moja ya Marekani ilikaribia shilingi 160 za Kenya. Kufikia Aprili ilikuwa imeshuka hadi karibu 130. Mnunuzi wa Kenya aliyelipa Januari alilipia ulezi wa jirani ghali zaidi kuliko mwenzake aliyesubiri, ingawa bei ya shambani haikubadilika. Fedha ikiyumba hivyo, kubaliana mapema mtalipana kwa sarafu gani na kwa kiwango cha siku ipi.

SERA ZA MPAKANI ZILIZOWAHI KUKATA BIASHARA

Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulianza kazi 1 Januari 2005, na Soko la Pamoja 1 Julai 2010. Nafaka iliyolimwa ndani ya nchi wanachama haitozwi ushuru wa forodha ikiwa na cheti cha uasili wa bidhaa. Hata hivyo, mpaka umewahi kufungwa bila ushuru kuhusika:

- Machi 2021 Kenya ilisimamisha mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Siku chache baadaye iliruhusu tena kwa masharti: mwagizaji asajiliwe, na mzigo uwe na cheti kinachoonyesha sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni.
- Mwaka 2023 Tanzania ilisisitiza kibali cha kusafirisha nafaka nje, na malori yasiyo na kibali yakakwama mpakani.
- Mpaka wa Gatuna kati ya Rwanda na Uganda ulifungwa Februari 2019, ukafunguliwa tena 31 Januari 2022.
- Januari 2024 Burundi ilifunga mipaka yake ya nchi kavu na Rwanda.

Kila mara mambo yalikuwa yaleyale: upande mmoja bei ilishuka kwa sababu mzigo haukutoka, upande wa pili ikapanda kwa sababu haukuingia, na njia za panya zikajaa. Mzigo unaopita kwa magendo hauna karatasi, na usio na karatasi hauwezi kudaiwa mahakamani mnunuzi akikimbia.

NYARAKA NA NAMBA ZA FORODHA

Kwa mzigo mdogo upo Utaratibu Rahisi wa Biashara. Bidhaa iliyomo katika orodha iliyokubaliwa, ikiwa thamani yake haizidi dola 2,000 za Marekani, hupita kwa cheti rahisi cha uasili kinachotolewa palepale mpakani, na huhitaji wakala wa forodha. Lakini utaratibu huu hauondoi ukaguzi wa afya ya mimea wala wa viwango. Wengi wamekosea hapo.

Kwa mzigo mkubwa andaa: cheti cha afya ya mimea kutoka nchi unakotoka (Tanzania ni TPHPA), kibali cha kuingiza kutoka nchi unakokwenda (Kenya ni KEPHIS), cheti cha uasili, kibali cha kusafirisha mazao nje pale kinapotakiwa, ankara na majibu ya maabara ya sumukuvu. Kwa Tanzania kumbuka pia ushuru wa mazao wa halmashauri, ambao mwaka 2017 ulipunguzwa kutoka 5% hadi 3% kwa mazao ya biashara na 2% kwa mazao ya chakula. Tunza stakabadhi, usije ukatozwa mara ya pili wilaya inayofuata.

Namba za forodha za malighafi hizi ni:

- Mahindi: 1005
- Mtama: 1007
- Ulezi na uwele: 1008
- Shayiri: 1003
- Kimea: 1107
- Hopsi: 1210
- Hamira: 2102
- Sukari: 1701
- Molasi: 1703
- Ndizi: 0803

Angalia tofauti ya 1008 na 1107. Ulezi ukishachipuzwa ni kimea, si nafaka ghafi tena. Ukiandika "ulezi" kwenye fomu na afisa akikuta kimea, ni tamko la uongo. Wengi huona ni nafuu kusafirisha nafaka kavu na kumwachia mnunuzi kazi ya kuchipuza. Kimea pia hunyonya unyevu njiani na kuota ukungu upesi, wakati ulezi mkavu hukaa miaka bila kuliwa na wadudu.

Kwa wenye semitrela, kikomo cha uzito wa gari lote katika Afrika Mashariki ni tani 56, na uzito hugawanywa kwa ekseli. Magunia ya lumbesa hukudanganya hapa. Hesabu ya magunia inaonyesha tani 28, mizani inaonyesha 31, na faini ni ya mwenye gari. Pima kwa kilo tangu mwanzo.

HESABU YA KWELI YA GUNIA

Huu ni mfano wa hesabu tu, bei weka zako. Tuseme umenunua kilo 10,000 za ulezi kwa shilingi 1,500 za Tanzania kwa kilo. Hizo ni shilingi 15,000,000. Magunia, vibarua, ushuru, vibali na lori vimekula 1,800,000. Jumla ni 16,800,000. Wengi hugawa kwa 10,000 na kusema kilo imesimama kwa shilingi 1,680.

Lakini ulezi ulinunuliwa ukiwa na unyevu wa 16%, na mnunuzi anataka 13%. Ukishaanikwa, kilo 10,000 zinabaki kilo 9,655. Ukiupepeta na kutoa mchanga, makapi na mawe kiasi cha 3%, zinabaki kilo 9,365. Gawa tena: kila kilo imesimama kwa karibu shilingi 1,794. Ukiwa umeshakubali kuuza kwa 1,750 ukidhani unapata faida ya shilingi 70, umepata hasara ya shilingi 44 kwa kila kilo, yaani zaidi ya shilingi 400,000 kwa safari moja.

Ndiyo maana kipima unyevu na chekeche si anasa. Na ndiyo maana mpika pombe mzoefu huchukua ulezi kiganjani, huupuliza na kuuma punje kabla ya kuuliza bei.

Ulezi wa kimea una sharti moja zaidi: lazima uote. Nafaka iliyokaushwa kwa moto mkali, iliyolowa ikakauka tena, au iliyopakwa dawa ya mbegu haifai. Ya dawa ni sumu kabisa. Jaribu punje 100 kwenye kitambaa kibichi kwa siku 3. Zikiota chini ya 90, mwambie mnunuzi ukweli na mpunguzie bei. Ukimficha, hutamwona msimu ujao.

MAJIRA YA MAHITAJI

Ulezi wa Rukwa huvunwa kuanzia Mei hadi Julai, na wa msimu wa kwanza wa Uganda Mashariki hutoka Juni hadi Agosti. Bei huwa chini miezi hiyo. Mahitaji hayafuati kalenda hiyo. Kilimanjaro hupanda Desemba, wenyeji wa mijini wanaporudi nyumbani kwa Krismasi na mbege ikahitajika kila boma. Kuzunguka Mlima Elgon, Wabukusu wa Kenya na Wagisu wa Uganda hufanya tohara katika miaka inayogawanyika kwa 2, hasa kuanzia Agosti. Mwaka wa tohara, ulezi huko si bidhaa ya kusubiri mteja. Anayeweka ghala kavu miezi ya mavuno na kuuza miezi hii hupata kitu.

BEI IKIPANDA, HATARI NAYO HUPANDA

Mpishi aliyeshindwa na bei ya ulezi hupunguza kimea na kuongeza sukari, sukari guru au molasi. Hapo pombe inakuwa kali na haina lishe, lakini bado ni pombe. Hatari kubwa zaidi ziko 2.

Ya kwanza ni nafaka mbovu. Wapo madalali wanaotafuta mahindi yaliyoota ukungu "kwa ajili ya pombe". Kuchachusha na kupika hakuondoi sumukuvu yote, na sumu hiyo huharibu ini. Mzigo uliokataliwa na kiwanda cha unga usiuzwe jikoni kwa mpika pombe.

Ya pili ni spiriti ya viwandani. Mei 2014 makumi ya watu walikufa katika kaunti kadhaa za Kenya kwa kinywaji chenye methanoli, na Februari 2024 zaidi ya watu 10 walikufa Kirinyaga kwa pombe yenye sumu. Methanoli husafiri kwa madumu na mapipa kama mzigo wowote, na dereva ndiye wa kwanza kukamatwa. Usipakie dumu lisilo na lebo wala karatasi, hata likiitwa "dawa ya kusafishia".

Kisheria, kubeba ulezi, mtama, ndizi au hamira si kosa popote. Pombe yenyewe ndiyo yenye masharti. Kenya iliondoa marufuku ya chang'aa kwa sheria ya vileo ya mwaka 2010, lakini leseni na viwango vinatakiwa. Tanzania hairuhusu gongo bila leseni. Pombe za kuchachusha kama mbege huruhusiwa kwa vibali vya eneo na saa za kuuza.

KABLA YA KUFUNGA TURUBAI

1. Pima unyevu na jaribu kuota kabla ya kulipa, si baada ya kupakia.
2. Uliza jina la nafaka kwa lugha ya soko unalokwenda.
3. Nunua kwa kilo, kataa lumbesa.
4. Hakikisha kibali cha kuingiza kimetoka kabla lori halijaondoka, kwani siku 3 za kusubiri mpakani zinakula faida ya safari.
5. Piga simu upande wa pili siku ya kuondoka kuulizia bei na hali ya mpaka.
6. Kubaliana kwa maandishi sarafu ya malipo, na nani anabeba hasara ya unyevu na makapi.
7. Wagawie wapishi wadogo mzigo mdogo mdogo kwa bei ya wazi. Ni wengi, hununua kila wiki, na akipata ulezi mzuri wa bei anayoiweza hana haja ya kutafuta dumu la mtu asiyemjua.